Kofia mbili hazivaliwi pamoja

Nyinyi mnaoanza kuandika programu hapa Mombasa, wengi hamtapewa kazi mpya. Mtarithi. Mtakabidhiwa kitu cha mtu aliyekwishaondoka, kinafanya kazi, na ofisi nzima inaogopa kukigusa. Mimi nilirithi programu ya kutoza ada za makontena katika yadi moja upande wa Changamwe. Ndani mlikuwa na fankshoni moja, yaani kipande cha programu chenye jina lake, ya mistari mia nne, ikiitwa hesabu2. Hesabu1 sijaiona hadi leo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusoma Refactoring, kitabu alichokitoa Mwingereza Martin Fowler mwaka 1999, nikajiona fundi. Kinafundisha kuupanga upya msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kubadilisha kile programu inachofanya. Wiki nzima nikaisafisha hesabu2, na humohumo nikachomeka ada ya makontena ya friji niliyokuwa nimeombwa. Katika pitapita hiyo, alama ya "zaidi ya" ikageuka "zaidi ya au sawa na". Yadi ile siku 4 za kwanza hazilipiwi. Ijumaa akaja karani wa wakala wa forodha, bili kaishika kama mtu aliyeshika panya mkia.

"Mwanangu, siku ya nne imekuwa ya pesa tangu lini?"

Kosa lilinichukua siku mbili kulipata, kwa sababu sikujua kama limetoka kwenye usafi au kwenye ada mpya. Kumbe nilionywa. Fowler anaueleza kitabuni mfano wa mwandishi wa programu mwenzake, Kent Beck, wa kofia mbili: ukivaa ya kuongeza, usipange, ukivaa ya kupanga, usiongeze, na majaribio, yaani msimbo mdogo unaokagua kama programu inajibu sawa, yaliyokuwa yakipita yaendelee kupita. Kubadilisha kofia mara kumi kwa saa ni ruhusa. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo nikaupita, kwa sababu hauna msimbo.

Basi sura ya kwanza ya Refactoring msiisome tu, iandikeni kwa mikono yenu. Toleo la 1999 lina duka la kukodisha video kwa lugha ya Java. La 2018 lina bili za kampuni ya maigizo kwa JavaScript. Chukueni la pili. Toa kipande, kipe jina, endesha majaribio, hifadhi kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kisha kingine. Udogo wa hatua zile utakuudhi. Orodha ndefu ya hatua za kupanga inayojaza sehemu kubwa ya kitabu iacheni, ni kamusi, na hakuna anayesoma kamusi toka A.

Sura ya harufu mbaya za msimbo, yaani dalili kwamba unahitaji kupangwa upya, aliyoiandika Fowler pamoja na Beck, someni yote. Inafunguliwa na neno la nyanya yake Beck kuhusu kulea watoto: kikinuka, badilisha. Aliyewahi kubadilisha nepi hahitaji maelezo zaidi.

Fowler hakuuvumbua ufundi huu. William Opdyke aliuandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1992. Alichofanya Fowler ni kuipa kila hatua jina na utaratibu ambao fundi wa kawaida anaweza kuufuata, na majina hayo mengi ndiyo unayoyakuta leo kwenye menyu ya kihariri chako, programu unayoandikia msimbo. Kwangu hilo ni kubwa kuliko uvumbuzi.

Ila anataka uwe na majaribio kabla hujagusa kitu, na hesabu2 haikuwa na hata moja. Hapo aliyenifaa ni Michael Feathers, na kitabu chake cha 2004 kuhusu msimbo wa kurithi. Kwa kumfuata, nilichukua bili 60 za zamani, nikazipitisha kwenye hesabu2 kama ilivyokuwa kabla sijaigusa, nikahifadhi majibu yote, hata yale niliyodhani ni makosa. Kila nikihamisha mistari mitano, nazipitisha tena. Shilingi moja ikitofautiana, narudi nyuma.

Bili tatu kati ya hizo zilikuwa na siku moja pungufu, na ofisini hakuna aliyejua kwa nini. Nilikaribia kuzirekebisha. Nikaenda kwanza kumuuliza yule karani, akacheka: kontena likiingia baada ya saa kumi jioni, yadi huanza kuhesabu kesho yake, ndivyo walivyokubaliana zamani. Leo kanuni hiyo ina fankshoni yake, sikuYaKuanza, mistari sita.