Malezi ya kambo: hesabu ya miaka kumi

Neno lenyewe linachanganya watu. Ukisema pale Ngamiani, mjini Tanga, kwamba unachukua mtoto wa kambo, jirani anadhani umeolewa na mwanamume mwenye watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazungumzia jambo jingine: mtoto asiyeweza kulelewa na wazazi wake anakabidhiwa familia nyingine, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Hajaasiliwa, maana kuasili, yaani kumfanya mtoto wako kabisa kisheria, kunahitaji amri ya Mahakama Kuu na ni safari yake peke yake. Anaweza kukaa kwako miezi mitatu, anaweza kukaa mpaka atimize 18. Kwa hiyo kabla ya kumpokea, na tena akishazoea, kaa na afisa mpige hesabu ndefu.

Wiki sita za mwanzo zinadanganya. Aliyezoea kulala njaa ataficha mkate chini ya mto na kula mpaka atapike, na huenda akakojoa kitandani akiwa na miaka minane. Mwingine anakuja mpole kupita kiasi, haombi kitu, hagombani na mtu, wageni wanamsifu. Huyo mpole ndiye wa kutiliwa wasiwasi zaidi, maana yule wa kwanza shida yake inaonekana na atasaidiwa. Mengi ya haya hupungua mtoto akiona chakula kinakuja kila siku na hakuna anayemfukuza. Ndiyo maana inafaa kupima mara tatu: siku ya kumpokea, baada ya wiki sita, na mwezi wa sita. Maswali yawe yaleyale na mwandishi awe yuleyule: analala saa ngapi, anakula nini, anacheza na nani, anaogopa nini, anafanya nini mwenyewe bila kusaidiwa. Daftari la shule linatosha. Kinachobaki mwezi wa sita ndicho cha kupangia miaka. Tatizo ni kwamba ripoti nyingi huandikwa wiki ya kwanza na hazifunguliwi tena.

Lugha nayo inapotosha vipimo. Mtoto wa vijijini Lushoto huenda amekulia Kisambaa, wa Handeni Kizigua. Ukimpima usemi kwa Kiswahili cha mjini utaandika "amechelewa kuongea", na maneno hayo yatamfuata mpaka darasani. Tafuta mtu wa lugha yake apige naye soga robo saa, bila kumweleza habari za mtoto. Akiwa kimya kwa lugha zote mbili, apimwe masikio kwanza. Usaha wa sikio ambao haukutibiwa unaweza kumfanya mtoto aonekane mzito wa kuelewa.

Upande wa mwili, anza na kadi ya kliniki. Ikiwa imepotea, kituo cha afya kimfungulie nyingine na kupanga upya chanjo zake. Mwenye umri wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzingo wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, wa kupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Omba pia kipimo cha sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, hata kama anaonekana mzima.

Tuseme majibu yanaonyesha anayo. Hapo watu hukadiria bei ya dawa wakasahau mengine. Kliniki ikiwa kila mwezi ni safari 12 kwa mwaka. Ninyi ni wawili, kwenda na kurudi: nauli 48. Ukitoka kijijini Muheza mpaka hospitali ya mkoa ya Bombo kwa magari mawili, ni nauli 96. Ongeza siku 12 ambazo mlezi hafungui genge, na siku za kulazwa ambazo hazina ratiba. Nyumbani kuna foliki asidi kila siku, maji ya kunywa ya kutosha na chandarua kisichotoboka. Homa ya mtoto wa sikoseli haingoji kupambazuke. Je, usiku wa manane nani atakuwa na pesa ya bodaboda mkononi?

Mtindio wa ubongo, unaomfanya mtoto ashindwe kutawala viungo vyake, una hesabu nyingine, nayo ni ya uzito. Kumbeba mtoto wa kilo 12 si kazi. Akifika miaka kumi anaweza kuwa na kilo 25, na mama aliyempokea akiwa na miaka 55 atakuwa anaelekea 65 na mgongo wake. Tazama nyumba kwa macho hayo: kizingiti cha mlango, umbali wa choo, na kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu. Mtazame akila. Akikohoa kila mara anapomeza, alishwe akiwa ameketi wima na mtaalamu amwone, kwa sababu chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia. Mwenye kifafa hakatizwi dawa kwa kuwa hajaanguka miezi miwili, wala haachwi peke yake kwenye jiko la mkaa, kisimani au baharini.

Kuna mahitaji ambayo hayapimwi kwa utepe. Familia nyingi za hapa Tanga zitauliza habari za ubini, na jibu ni kwamba mtoto anabaki na jina la baba yake. Watauliza pia habari za stara akishabalehe, kwa kuwa si maharimu wa wenye nyumba, yaani si ndugu wa karibu ambao dini ya Kiislamu inakataza kuoana nao. Mpango wa vyumba uandikwe mapema, usingoje afike miaka 13. Andikeni jina la bibi aliyeko Pangani, la shangazi, na ndugu zake wako wapi. Akiuliza kwao ni wapi, jibu liwe na kijiji na jina la mtu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe na mstari mmoja: mlezi akiugua au akifariki, nani anaendelea? Mtu huyo asaini mbele ya afisa, baada ya kumuuguza mtoto usiku mmoja mtoto akiwa mgonjwa. Mstari ukibaki mtupu, mtoto mwenye uhitaji mzito asipelekwe nyumba hiyo kwanza.