Vifaranga wamechanjwa, mbona wamekufa kwa kideri?

Pole sana, ndugu, kwa kupoteza vifaranga wa wiki 5 ambao ulishawachanja kideri. Mimi ningeshuku Gumboro, ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya kuku, iliyopita kimyakimya.

Kifaranga huanza maisha na kingamwili za mama, alizopewa kupitia kiini cha yai. Hizo hupungua ndani ya wiki chache, huku askari wake mwenyewe wakiwa bado wanaandaliwa: seli T kwenye thaimasi, vile vipande vilivyopangana shingoni pande zote mbili, na seli B kwenye kifuko cha Fabricius, juu tu ya tundu la haja. Hata herufi B imetokana na jina la Kilatini la kifuko hicho, bursa. Virusi vya Gumboro huvamia humo humo na kuua seli B changa. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki 3 huenda asionyeshe dalili, lakini chanjo nyingine, kama ya kideri, hazitashika vizuri.

Akifa mwingine, mpeleke upesi kwa daktari wa mifugo ampasue, na mwombe akitazame kifuko: kimevimba na kuzungukwa na ute wa manjano, au kimesinyaa? Kundi lijalo akupangie siku ya chanjo ya Gumboro. Ukiwahi mno, kingamwili za mama huizima. Ukichelewa, virusi vimekutangulia.