Miguu ya kinanda kingine itaingia kwa Rhodes yangu?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Niko Likoni, nimepata Rhodes Stage 73 ya zamani, ile piano ya umeme, ilikuwa ya bendi ya hoteli, miguu miwili imepotea. Rafiki yangu ana miguu ya kinanda cha Kijerumani, ile ya kuzungusha vilevile. Nimejaribu mmoja umeingia raundi mbili ukakwama. Niukaze na spana?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Hapana, hiyo spana weka kando kabisa. Mguu wenye thredi sawa, yaani ile mikato ya skrubu, unaingia kwa vidole mpaka mwisho, ukishakwama raundi ya pili ujue hizo thredi hazijuani, na ukilazimisha utakula thredi za ile sahani ya chuma iliyo chini ya piano, ambayo ndiyo kitu cha maana hapo kuliko mguu wenyewe.

Shida ni kwamba vitu vya Marekani vya wakati ule vilipimwa kwa inchi, vya Ujerumani kwa milimita, na saizi zingine zimekaribiana mpaka jicho halioni. Chukua skrubu ya M8, yaani ya milimita 8, na ile ya inchi 5/16: unene ni 8 na 7.94, utasema ni kitu kimoja. Lakini M8 kila raundi inasogea milimita 1.25 na ile nyingine 1.41, kwa hivyo raundi mbili za kwanza zinakudanganya halafu inang'ang'ana. Mbaya zaidi ni mguu wa inchi 3/8 kwenye tundu la M10, huo unaweza kuingia vizuri tu manake ni mwembamba kidogo, 9.53, lakini unacheza, umeshika kwa ncha za thredi peke yake. Na Rhodes 73 inapita kilo 50, hebu fikiria iko juu ya stage na mtu ameegemea.

Sasa fanya hivi. Chukua mguu mmoja wa asili uliobaki, usugue na brashi ya waya na mafuta taa, manake kwa chumvi yetu hii ya pwani kutu pekee inaweza kukufanya udhani thredi ni tofauti. Nenda nao hadwea, jaribu nati mpya za inchi na za milimita, ile itakayotembea kwa vidole mwanzo mpaka mwisho bila kucheza ndiyo saizi yako. Huo mguu wa rafiki upime vivyo hivyo.

Hata thredi zikikubali usifurahi bado. Miguu ya Rhodes inakaa imelala kidogo kwenda nje, urefu lazima ulingane, na pedali yake inasukuma juu kwa fimbo kutoka chini, kwa hivyo piano ikikaa juu sana fimbo haifiki, ikikaa chini sana pedali inabaki imebanwa na noti hazikati.

Mimi ningempelekea fundi wa leithi, ile mashine ya kuchonga chuma, ule mguu wa asili awe nao mkononi, achonge miwili mipya ya bomba nzito la urefu uleule. Akikwambia apanue tundu la sahani atie thredi nyingine mkatalie, mguu unachongwa upya wakati wowote lakini hiyo sahani ya asili hutaipata hapa Mombasa. Mpaka iwe tayari piga ikiwa kwenye meza imara, na ile miguu mrudishie rafiki yako.