Fikeni Kabla Bajeti Haijafungwa: Kwa Madaktari Wanaoanza Kutetea Malipo ya Afya Uganda

Kila Mei huja na risala mpya. Madaktari vijana, wengi wao wakiwa tarajali au wamemaliza juzi tu mwaka wa mazoezi, hukusanya saini, huvaa makoti meupe na kufunga safari ya Kampala kuiomba Kamati ya Afya ya Bunge iongeze fedha za dawa, posho na mishahara katika bajeti ambayo sheria inataka ipitishwe kabla mwezi huohuo haujaisha. Nimewaona tena. Kabla ya hapo, msimu wa uchaguzi, niliwaona wengine wakichangishana kwa simu ili kumwezesha mgombea aliyewaahidi kwamba bima ya afya ya taifa itakuwa sheria akiingia yeye. Nawapenda vijana hawa, na sina shaka na moyo wao, lakini inaniuma kuona nguvu zao zikimwagika palepale tulipomwaga zetu, na ndiyo maana nayaandika haya bila kupunguza makali.

La kwanza ni kalenda. Imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, wala haihitaji mtu wa kuwafunulia. Waraka wa mfumo wa bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba na Bunge huuidhinisha kufikia tarehe 1 Februari. Taarifa za sera za wizara hufuata kufikia tarehe 15 Machi. Bajeti yenyewe huwasilishwa kufikia tarehe 1 Aprili, hupitishwa kufikia tarehe 31 Mei, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayebisha hodi Mei anakuta viwango vya kila fungu vimekwisha kukaa, na mbunge anayetaka kumsaidia hana budi kwanza kutafuta fungu la mwenzake la kukata. Wakati wa kusema ni kati ya Septemba na Novemba, wizara zinapoandaa waraka wao na wilaya zinapofanya mikutano ya bajeti. Kwenye mikutano hiyo ya wilaya utawakuta walimu, wakulima, viongozi wa dini na mafundi wa barabara, lakini daktari hayupo, kwa kuwa sisi tumejiaminisha kwamba mambo yote makubwa yako Kampala.

Katika mkutano mmoja wa namna hiyo nilimsikia mkunga, Sista anayeongoza kituo cha afya cha ngazi ya tatu, akizungumza baada ya afisa wa afya wa wilaya kumaliza kusoma taarifa yake ndefu. Hakuwa na taarifa. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, ambamo kila mgonjwa aliyetumwa kununua kitu kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya lango aliandikiwa mstari wake: tarehe, kitu alichotumwa, bei aliyolipa. Glovu, dripu, bomba la sindano, uzi wa kushonea, glovu tena. Ada za watumiaji katika vituo vya serikali ziliondolewa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, kwa hiyo fedha inayolipwa ng'ambo ya lango haionekani katika kitabu chochote cha kituo. Kwa hesabu za serikali, mama yule amejifungua bure. Sista alisoma mistari ya wiki moja tu, polepole, kisha akaketi. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, aliliomba daftari, akavaa miwani, akaanza kuhesabu mwenyewe. Ukitaka kujua utetezi wa mashinani ni kitu gani, ni ule.

Hata hivyo mjue pia nani anaweza kutoa nini. Fedha za uendeshaji za PHC, yaani huduma za afya ya msingi, huingia katika akaunti ya kituo kila robo mwaka, ilhali bajeti ya dawa muhimu iko kwa Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, ambayo hupeleka mzigo kila baada ya miezi miwili. Diwani wa wilaya hawezi kuwaongezea dawa hata akitaka. Mwombeni kile kilicho mkononi mwake, yaani fedha zinazotokana na mapato ya wilaya yenyewe, na sauti yake katika barua ya kwenda wizarani.

La pili ni fedha, na hapa msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye kidonda.

Miaka ya nyuma tawi letu la madaktari liliamua kumuunga mkono mgombea ubunge aliyekuwa mwenzetu wa taaluma, aliyebeba bendera ya chama chake, na aliyeahidi kwamba akiingia Bungeni atasimamia malipo ya haki kwa vituo vya vijijini. Alikuwa mtu mwema, na hadi leo siamini kwamba alitudanganya. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukateua namba ya kupokelea fedha, na michango ikaanza kuingia. Ilipopungua, mtu mmoja akatoa hoja kwamba tutumie akiba ya misiba, tuirudishe baadaye; hakuna aliyepinga, nami nikiwa katibu sikupinga. Kisha, ili kuwachochea wasiotoa, tukaanza kuweka kila jioni orodha ya waliotoa, jina kwa jina, kituo kwa kituo, kiasi kwa kiasi. Orodha ile niliiandika mimi. Ilikuwa nadhifu, na kila aliyeona jina la mkuu wake juu ya lake aliongeza kidogo ili asiachwe nyuma.

Mgombea wetu alishindwa. Yule aliyemshinda aliapishwa na akapangwa katika kamati ileile tuliyokuwa tukiihitaji. Tulipopata nafasi ya kumwona, tulikwenda wanne, na ombi letu lilikuwa ukurasa mmoja kuhusu fedha za uendeshaji wa vituo vya ngazi ya nne, ukurasa ambao mpaka sasa naamini ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote niliyowahi kushiriki kuandika. Alitukaribisha kwa heshima, akaagiza chai, akafungua faili lake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha yangu. Aliisoma kwa sauti ya kawaida, bila hasira, akiniangalia kila alipotaja kiasi: Daktari fulani, kituo fulani, Daktari fulani, hospitali fulani. Alipofika kwenye jina la mmoja wetu aliyeketi pale, alinyamaza kidogo, akamimina chai, akaendelea. Ukurasa wetu ulibaki mezani, na hakuna aliyeugusa.

Hayo yangekuwa aibu tu kama yangeishia hapo. Lakini Sheria ya Vyama na Mashirika ya Kisiasa ya mwaka 2005 inamkataza mtumishi wa umma kumpigia kampeni mgombea wa chama, na kabla ya mwisho wa mwaka daktari aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha, mkuu wa kituo, baba wa watoto wadogo, alipokea barua ya kujieleza, kisha ya uhamisho. Alikuwa ametoa fedha nyingi kuliko sote kwa sababu aliamini zaidi kuliko sote. Katika miezi ileile tulifiwa na mwenzetu, na mweka hazina alipofungua akaunti ya misiba hapakuwa na hata nauli ya kuusindikiza mwili nyumbani. Tulipita tena kuchangishana, safari hii bila kuandika orodha. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, ila tulilifungua mahali pasipostahili na kwa jambo lisilostahili.

Kwa hiyo vijana wanaponiambia kwamba huko Marekani madaktari huchangia wanasiasa na hufanikiwa, nawaomba wasome habari yote. Chama cha madaktari cha nchi ile kina kamati yake ya kisiasa, AMPAC, tangu 1961. Inafanya kazi chini ya sheria inayotaka michango itangazwe na inayoweka kikomo cha dola 5,000 kwa mgombea mmoja katika uchaguzi mmoja. Hata kwa mpangilio huo, kanuni ya malipo ya Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, iliyowekwa 1997, ambayo ilitishia kukata malipo ya madaktari mwaka baada ya mwaka, haikufutwa mpaka Aprili 2015, baada ya Bunge lao kuiahirisha mara 17. Hela zao ziliwafungulia milango, lakini kilichowafikisha mwisho ni kuwa kila mwaka walirudi na hoja ileile na hesabu mpya. Sisi, ambao wengi wetu tunalipwa na serikali, hatuna sheria ya kutulinda katika mchezo huo. Changisheni, tena changisheni kwa bidii, lakini fedha ziwe za kazi: nauli ya Sista mwenye daftari kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati, mtu wa kukagua hesabu, wakili wa kusoma muswada, uchapishaji. Risiti kwa kila senti, akaunti yenye watia saini watatu, na akiba ya misiba isiguswe kabisa. Anayetaka kugombea mwenyewe ajiuzulu utumishi angalau siku 90 kabla ya uteuzi, kama Katiba inavyotaka katika ibara ya 80, na asitumie kundi la tawi.

La tatu: someni muswada kabla ya kuupigania. Bunge liliupitisha Muswada wa Bima ya Afya ya Taifa Machi 2021, na haukupata saini ya kuufanya sheria. Muswada uliopelekwa Bungeni ulipendekeza mwajiriwa akatwe asilimia 4 ya mshahara na mwajiri aongeze asilimia 1, na waajiri walipinga wakitaja asilimia 10 wanazokwisha kulipa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilisikitika kuona madaktari wakibishana juu ya makato tu, kana kwamba wao ni waajiriwa peke yake. Swali letu ni jingine, nalo hakuna atakayeliuliza tusipouliza: kituo kitalipwaje? Kikilipwa kwa kichwa, yaani kiasi kimoja kwa kila mtu aliyeandikishwa, kituo cha ngazi ya nne kilicho mpakani, kinachotibu watu wasioandikishwa kwake, kitafilisika kwa ukarimu wake. Kikilipwa kwa kila huduma, hospitali za mjini zenye makarani wengi zitapeleka madai mengi na kumaliza mfuko kabla wa vijijini hawajajaza fomu ya kwanza. Madai yakicheleweshwa, hospitali za kidini, ambazo hutegemea malipo ya kila siku kununua dawa, ndizo zitakazoumia mapema.

Nendeni Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, mkajifunze. Hospitali ile ya Kanisa la Uganda ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996 kwa kupitia vikundi vya engozi, vile ambavyo tayari vilikuwa vikibeba wagonjwa kwa machela milimani, na kwa kuwa wanakikundi walijuana na kuaminiana, walikubali kujiunga kwa pamoja badala ya kungoja mtu augue ndipo alipe. Mwanakijiji wa kule ataieleza bima vizuri kuliko wengi wetu.

La nne ni mgomo. Siukatazi. Migomo ya Novemba 2017 na Novemba 2021 ilisikika, na mishahara ya madaktari wa serikali ilipandishwa katika mwaka wa fedha 2022/23. Ila posho ya tarajali, iliyokuwa imepandishwa kwa agizo, ikaja kushushwa, kwa maana kile kinachotolewa kwa neno huondolewa kwa neno. Linganisheni na shauri namba 16 la mwaka 2011 lililofunguliwa na CEHURD, shirika la kutetea haki za afya, na wenzake kuhusu vifo vya akina mama wakati wa kujifungua: Mahakama ya Katiba ililitupa 2012 ikisema ni suala la kisiasa, Mahakama ya Juu ikalirudisha 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilivunja haki za akina mama wale, ikaamuru bajeti ya afya ya uzazi iongezwe. Ilikuwa njia ndefu na ya kuchosha, lakini hukumu ile inaweza kunukuliwa katika kila risala mnayoandika, nami nashangaa mbona hamuinukuu.

Mengine ni mafupi. Ombi liwe ukurasa mmoja na liwe moja. Msaidizi wa mbunge ndiye anayesoma, basi mheshimuni na mjue jina lake. Msipeleke picha ya mgonjwa bila ridhaa yake, hata kama inaliza watu. Msiende bila muuguzi.

Na faili. Tarajali huhamishwa, wasomea ubingwa huhitimu, mkuu wa kituo hupangiwa wilaya nyingine, na kila anayeondoka huondoka na simu yenye hesabu zote, hivyo tawi huanza upya kila mwaka na kufika tena Mei. Kabla ya mwisho wa Agosti, kila tawi litoe nakala mbili za hesabu za mwaka, yaani dawa zilizoagizwa na zilizofika, fedha za PHC zilizoahidiwa na zilizoingia, na jumla ya daftari la langoni. Moja ibaki kwa afisa wa afya wa wilaya, nyingine kwa katibu wa tawi, naye asisaini fomu ya kuondoka mpaka amkabidhi atakayefuata, ana kwa ana, na kumwonyesha tarehe ya mkutano wa bajeti.