Jino la utoto likizama, usiseme "litang'oka tu"

Mwanangu alikuwa na miaka miwili na ushei alipoponyoka mgongoni mwa punda, hapa Lamu pwani. Amu yake alikuwa amemshika kwa mkono mmoja, wa pili una simu. Jino la mbele la juu likazama kwenye ufizi, ikabaki ncha. Damu ilipokatika, mama mkwe akatoa hukumu: "La utoto hilo, litang'oka." Nikaridhika.

Alipotimu miaka saba, jino la ukubwa likatoka na doa la hudhurungi, limebonyea kama lililoliwa na mchwa. Nikadhani ni uchafu. Wiki nzima nikalisugua kwa limau na chumvi (msinicheke), kumbe asidi ndiyo inayoyeyusha madini ya jino!

Daktari wa meno ndiye aliyenifungua macho. Umri ule alioanguka, jino la ukubwa limo ndani ya taya, karibu kabisa na mzizi wa la utoto, bado linajengwa. Tabaka lake gumu la nje, enameli, hujengwa na seli ziitwazo ameloblasti. Hutoa kwanza protini, nyingi yake amelojenini, na madini ya kalsiamu na fosfeti hujipanga humo. Kisha vimeng'enya huikatakata protini hiyo ikaondolewa, kama boriti za mikoko zinavyotolewa chini ya dari zege likikauka. Mwishowe takriban asilimia 96 ya uzito wa enameli huwa madini. Seli zikijeruhiwa katikati ya kazi, pale pana kasoro. Na jino likishachomoza, seli hizo hazipo tena. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli haina fundi wa kurudi.

Kwa hiyo mpeleke mtoto kwa daktari siku hiyo hiyo, na usilivute jino kwa vidole. Mara nyingi huachwa lishuke lenyewe. Mpe vyakula laini, mpige mswaki taratibu, na ukiona kipele cha usaha kwenye ufizi, rudi upesi. Andika na tarehe. Mimi niliulizwa "alianguka lini?" nikabaki kukisia, na kichwa cha jino la ukubwa hujengwa hadi umri wa miaka minne au mitano.

Sikudanganyi: huenda doa lingetokea hata ningewahi, maana pigo lilikwishafika. Ila usaha ungeweza kuongeza madhara.

Sasa limefunikwa kwa dawa ya rangi ya jino. Amu yake bado humpandisha punda, lakini simu anaiacha kwangu.