Umeumia kazini: kinachoamua Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) utalipa au hautalipa, na kiasi gani

Fundi seremala analipwa Sh 400,000 kwa mwezi. Msumeno umemkata vidole na daktari kampumzisha miezi miwili. Malipo ya WCF kwa ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, kwa hiyo alistahili Sh 280,000 kwa kila mwezi anaokaa nyumbani akiuguza mkono. Tatizo ni kwamba tajiri wake aliandika Sh 150,000 kwenye orodha ya mishahara, zilizobaki akawa anampa mkononi. Asilimia 70 inapigwa kwenye kile kilichoandikwa, na jibu lake ni Sh 105,000. Fundi amepoteza Sh 175,000 kila mwezi, na vidole visiporudi kushika randa, upungufu huo utamfuata hadi kwenye malipo ya ulemavu wa kudumu.

Je, tajiri aliokoa nini? Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa zile Sh 250,000 alizoficha ni Sh 1,250 kwa mwezi. Hata ukiongeza kodi na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, alizokwepa, hesabu hii inauma, kwa sababu aliyeilipa ni mtu ambaye hakuulizwa.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mfanyakazi ni huu: angalia karatasi yako ya mshahara leo, ukiwa mzima. Kama kilichoandikwa si unachopokea, zungumza na ofisi sasa. Siku ya ajali hakuna wa kurekebisha miezi iliyopita.

Mfuko huu, ambao wengi tunauita WCF tu, uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016, na unahusu Tanzania Bara. Kabla yake tulikuwa na sheria ya enzi za mkoloni iliyoweka ukomo wa Sh 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh 83,000 kwa kifo, kiasi ambacho kwa miaka ya karibuni kisingetosha hata kusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba. Anayeikumbuka hali hiyo anajua kwa nini mfuko huu ni wa kuulinda.

Anayechanga ni mwajiri peke yake. Hapa watu huchanganya na NSSF, ambako asilimia 20 inagawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Kwa WCF, ukiona kwenye karatasi yako umekatwa hata shilingi mia, hilo ni kosa la mwajiri na una haki ya kurudishiwa. Kiwango cha sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara yote, kwa sekta ya umma na binafsi. Sekta binafsi ilianzia asilimia 1, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Karakana yenye watu 12 na mishahara ya jumla ya Sh 6,000,000 inalipa Sh 30,000 kwa mwezi kwa wote. Mchango ukichelewa, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na michango mingi huchelewa kwa sababu ndogo tu: mhasibu kaenda likizo na hakuna mwingine anayejua kuingia kwenye mfumo na kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Wawe wawili wanaojua.

Mwajiri mpya anatakiwa kujisajili ndani ya siku 30 tangu aanze biashara. Asipojisajili, sheria inataja faini isiyozidi Sh milioni 50, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Wengi wanadhani vibarua hawahusiki. Wanahusika. Kibarua wa kupakua saruji ni mfanyakazi, na mwanagenzi pia, kwa hiyo majina yao na walicholipwa viingie kwenye orodha ya mwezi huo. Wanaoachwa nje ya orodha mara nyingi ndio wanaofanya kazi za hatari zaidi: kupanda juu ya paa, kuingia kwenye mashimo, kupakia magogo.

Tuje kwenye siku yenyewe. Fidia hii haitafuti mkosaji. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, na mwajiri hawezi kuikwepa kwa kusema “hakuwa makini”. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba ajali ilitokana na kazi, na ilitokea akiwa kazini. Utovu wa nidhamu wa makusudi, kama kuendesha mtambo ukiwa umelewa, ni jambo jingine na unaweza kukunyima malipo.

Madai mengi huharibikia kwenye maandishi ya saa chache za mwanzo. Msimamizi anaandika: “Aliumia mkono akiwa kazini.” Sentensi hiyo haisemi chochote. Linganisha na hii: “Saa 4:20 asubuhi, akipasua mbao ya mninga kwenye msumeno wa mezani, mbao iligonga fundo ikaruka. Mkono wa kushoto ulivutwa kwenye meno ya msumeno. Kidole cha shahada kimekatika pingili ya kati, cha kati kimechanika. Kinga ya msumeno haikuwepo. Walioona ni wawili, majina yao yako chini.” Hiyo ya pili inajibu karibu kila swali litakaloulizwa baadaye. Usiifiche ile sentensi ya kinga kwa kuogopa kulaumiwa. Haimnyimi mfanyakazi fidia, lakini taarifa yako ikipishana na ya hospitali au ya shahidi, faili zima linatiliwa shaka.

Hospitali nako kuna mtego. Majeruhi anafika mapokezi, anatoa kadi ya bima ya afya, anatibiwa kama mgonjwa yeyote. Hakuna aliyemwambia daktari kwamba ni ajali ya kazini, na cheti kinatoka kimeandikwa “jeraha la mkono” basi. Anayemsindikiza aseme wazi tangu mlangoni kwamba ameumia kazini, saa ngapi, kwa kifaa gani, na ahakikishe daktari ameandika hivyo. Tunzeni kila risiti na kila ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, maana siku za mapumziko zisizo na karatasi ya daktari hazihesabiwi. Kama ni ajali ya barabarani, kwa mfano dereva wa kampuni au gari linalobeba wafanyakazi, PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, iwepo tangu mwanzo, kwani kuifuatilia baada ya miezi mitatu ni kazi ngumu.

Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri ana siku 7 za kuitaarifu WCF tangu apate habari. Madai yenyewe yana ukomo wa miezi 12. Mwajiri akikaa kimya, usimsubiri: nenda ofisi ya WCF iliyo karibu ukiwa na karatasi zako. Uzembe wake haufuti haki yako, ila muda unaopita unaweza kuifuta.

Magonjwa ya kazi yanahitaji uvumilivu zaidi. Masikio yanayozibwa na kelele za mashine na mapafu yanayoharibiwa na vumbi la mawe hayana tarehe ya ajali. Hapa kinachookoa ni vipimo vya afya vinavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003: unapoanza kazi, unapoendelea nayo, na unapoondoka. Usikubali kuacha kazi ya machimbo au kiwanda bila kipimo cha kuondoka, kwa sababu bila picha ya mapafu ya siku ya mwisho, miaka mitano baadaye ni vigumu kuonyesha vumbi ulilipata wapi.

Malipo ya muda yana kikomo cha miezi 24. Wengi hulalamika kwamba tathmini ya ulemavu wa kudumu inacheleweshwa, lakini kuna sababu: daktari hawezi kupima kilichopotea mpaka jeraha lifike mahali ambapo matibabu hayaongezi kitu tena. Kidole kinachoonekana kimekufa mwezi wa pili kinaweza kukunja mwezi wa sita baada ya mazoezi ya viungo. Asilimia ya ulemavu ikiwa 30 au chini, unalipwa mkupuo mmoja. Ikizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Kwa hiyo aliyepimwa karibu na mstari huo aisome ripoti ya daktari kwa makini kabla ya kuikubali.

Mfanyakazi akifariki, kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Kinachokwamisha familia ni vyeti: ndoa ya kimila isiyo na karatasi, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa cha RITA, jina la baba lililoandikwa tofauti shuleni na kazini. Haya yanarekebishika kwa siku chache baba akiwa hai. Akishaondoka, mjane anaweza kuzungushwa mahakamani kwa miezi.

Kwa walio Kenya, utaratibu ni mwingine. Sheria ya mafao ya majeraha ya kazini (WIBA) ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akate bima kwa kampuni ya bima, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 96. Hakuna mfuko mmoja wa serikali, kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri huko ni kama bima yenyewe bado iko hai.

Usiporidhika na uamuzi wa WCF, omba kwanza mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu, kwa maandishi, ukitaja unachopinga: asilimia ya ulemavu, kiwango cha mshahara, au kukataliwa kabisa. Baada ya hapo kuna rufaa kwa Waziri anayehusika na kazi, kisha Mahakama ya Kazi. Kama kinachopingwa ni asilimia, ambatisha ripoti ya daktari bingwa mwingine. Na kama ni mshahara, ambatisha taarifa ya benki au miamala ya simu inayoonyesha kilichokuwa kinaingia kila mwisho wa mwezi.