Maswali na Majibu: Kutoka Mchoro Hadi Ukurasa wa Tovuti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchora mabango na kadi za mwaliko hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi zangu zote huzifanya kwa Photoshop, programu ya kompyuta ya kuchora na kuhariri picha. Mwezi uliopita kikundi cha wauza miche ya parachichi kutoka Rungwe kiliniomba nikitengenezee ukurasa wa tovuti. Nilichora mchoro wa ukubwa wa A4 kama nifanyavyo kwa bango la ukutani, nikaweka kichwa, picha tatu za kitalu, orodha ya bei na namba ya simu, kisha nikamkabidhi kijana anayefahamu mambo ya tovuti, naye akaupandisha mchoro mzima kama picha moja. Kwenye kompyuta unapendeza, lakini kwenye simu maandishi ni madogo kama punje za ulezi, wateja wanalalamika kwamba ukurasa unakula bando, na namba ya simu ukiibonyeza haipigi. Je, kosa ni la mchoro wangu au la yule kijana, na mchoro kama huu unageuzwaje kuwa ukurasa unaofanya kazi?
Mchora Mabango, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kosa mmegawana, ingawa si nusu kwa nusu: wewe ulichora kwa kipimo cha karatasi, na mwenzako hakugeuza kitu chochote, alibandika tu. Tazama kwanza hesabu ya kilichotokea. Karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi ina upana wa pikseli 2,480 na urefu wa pikseli 3,508, pikseli zikiwa ni vile vinukta vinavyounda picha. Simu nyingi tunazotumia humpa mwenye ukurasa upana wa pikseli 360 hivi, nikiwa na maana ya pikseli za hesabu ya kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti, wala si nukta halisi za kioo. Ili mchoro wako uenee humo lazima upunguzwe karibu mara saba, kwa hiyo herufi ya pointi 12, ambayo katika faili lako ina ukubwa wa pikseli 50, hubaki na pikseli 7, ilhali ukubwa wa kawaida wa maandishi kwenye kivinjari ni pikseli 16. Wateja wako hawana macho mabovu.

Bango lina ukubwa mmoja tangu linapochapwa hadi linapochanika, lakini ukurasa hufunguliwa leo kwenye simu ndogo, kesho kwenye kompyuta ya ofisi ya kata, na kila mara hutakiwa kujipanga upya. Mchoro wako ni kama picha ya gauni iliyobandikwa ukutani kwa fundi cherehani: inaonyesha mtindo, lakini mteja huja na mwili wake na fundi hana budi kupima. Hivyo kinachohamishwa kutoka kwenye Photoshop si picha yenyewe, bali ni maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa unachora, yaani kipi kitangulie, kipi kiwe kikubwa, kipi kikae karibu na kipi.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza hufanyika kwa kalamu. Chapa mchoro wako, kisha kila kilichomo kipe jina kwa kazi yake, usikipe kwa sura yake. Yale maneno makubwa ya kijani ni kichwa kikuu, na katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, hukaa ndani ya alama iitwayo h1. Orodha ya bei ni jedwali, kila aina ya mche ikiwa na mstari wake, nayo ikiandikwa kwa maneno halisi utaweza kubadilisha bei moja kwa dakika moja bila kufungua Photoshop tena. Namba ya simu ni kiungo kinachoanza na tel: kikifuatiwa na namba yenye +255, na hapo mteja akiibonyeza simu yake itakuwa tayari kupiga. Kila picha ya kitalu huandikiwa maelezo mafupi katika sehemu iitwayo alt, kwa mfano «Miche ya parachichi iliyopandikizwa, ikiwa kitaluni», ambayo husomwa kwa sauti na programu zinazowasaidia wasioona, na huonekana badala ya picha pale mtandao unapogoma. Mitambo ya kutafuta nayo husoma maneno ya namna hii kwa urahisi kuliko maneno yaliyochorwa ndani ya picha.

Andika yote hayo bila rangi wala mapambo, kisha fungua ukurasa kwenye simu. Utakuwa mkavu, kama nyumba ambayo haijapigwa lipu, lakini ikiwa mgeni anaweza kuusoma kutoka juu hadi chini akajua kinachouzwa, bei yake na wa kumpigia, basi msingi umesimama. Wachoraji wengi huiona hatua hii kuwa ya kuchosha na huiruka, nami ninakiri kwamba nilipoanza niliiruka pia, nikajikuta nikibomoa kazi ya wiki nzima kwa sababu ya jedwali moja la bei.

Kuhusu picha, toa kwenye mchoro zile tu ambazo kweli ni picha, yaani picha za kitalu na nembo ya kikundi. Nembo ihifadhi kwa aina ya faili iitwayo SVG ikiwa ilichorwa kwa mistari, kwa kuwa aina hiyo hukuzwa na kupunguzwa bila kuchakaa. Picha za kitalu zitoe kwa JPEG au WebP, ambazo ni aina za faili za picha, na upana wa pikseli 800 kwa kawaida unatosha kwa picha itakayojaza kioo cha simu. Usisahau kubadilisha mfumo wa rangi kutoka CMYK, ambao ni wa wino wa mashine ya kuchapa, kwenda RGB, ambao ni wa mwanga wa kioo. Ile hesabu ya nukta 300 kwa inchi haina maana yoyote hapa. Kivinjari huhesabu pikseli tu.

Sura ya ukurasa huandikwa kwa CSS, lugha iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa Desemba 1996. Kabla haijakubalika sawasawa kwenye vivinjari, wabunifu walikuwa wakikata mchoro vipande vipande na kuvipanga ndani ya jedwali lisiloonekana, kazi iliyofanana na kupanga vigae, na nadhani yule kijana wako amerithi tabia ya zama hizo bila kujua. Anza na kioo chembamba: kila kitu kikae katika safu moja, kimoja chini ya kingine. Kisha ongeza kanuni inayosema kwamba upana ukifika, tuseme, pikseli 700, zile picha tatu zipangwe safu tatu kwa kutumia grid, mfumo wa CSS wa kupanga vitu kama kwenye miraba, ambao vivinjari vikubwa vilianza kuuelewa mwaka 2017. Njia hii ya kuufanya ukurasa mmoja ujipange kulingana na kioo ilielezwa Mei 2010 na Mmarekani Ethan Marcotte, naye aliijenga juu ya mambo matatu: safu zinazopimwa kwa uwiano badala ya pikseli za kudumu, picha zisizozidi upana wa mahali zilipo, na kanuni zinazobadilika kwa upana wa kioo.

Kuna mstari mmoja ambao ukiusahau yote hayo hayatafaa kitu kwenye simu, nao hukaa katika kichwa cha faili la HTML:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipouandika, kivinjari cha simu hudhani kwamba ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, kikajifanya kuwa na upana wa pikseli 980 hivi, kisha kikaupunguza ukurasa wote uenee kiooni, na utarudi kwenye punje zako za ulezi.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu vitufe. Usikipe kitufe upana wa kudumu. Kipe nafasi ndani yake, kushoto na kulia mwa maneno, ili kinyooke chenyewe. Maneno yetu ni marefu, na mchoro uliojazwa maneno ya kuigiza ya Kilatini, yale ambayo wachoraji huyaweka kushika nafasi tu, hauwezi kukuonya kwamba «Tuulizie bei za jumla» haitatosha mahali palipochorewa neno moja.

SWALI: Mwalimu, nipo Kihesa, Iringa. Nimeona programu zinazodai kugeuza mchoro kuwa msimbo, yaani maandishi ya HTML na CSS, kwa kubonyeza mara moja. Kwa nini nihangaike kujifunza?
Mwanafunzi wa Usanifu, Iringa

JIBU: Zipo, na nyingine si mbaya kwa kuonyesha mfano kwa mteja. Hata hivyo chunguza msimbo zinaotoa. Mara nyingi kila neno huwa limepigiliwa mahali pake kwa pikseli kutoka juu na kutoka kushoto, vichwa na aya vikiwa vyote masanduku yasiyo na jina. Fanya jaribio hili: ongeza sentensi mbili kwenye aya ya kwanza. Ikiwa aya inapanda juu ya picha iliyo chini yake badala ya kuisukuma, ujue umepewa bango jingine, na atakayelirekebisha mwezi ujao bei zitakapobadilika ni wewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemtengenezea ukurasa mzee mmoja mwenye duka la majani ya chai hapa Tukuyu. Anasema rangi ya kijani si ile ya kwenye pakiti yake, na amepima kwa rula akakuta nembo imepungua. Hataki kunilipa nusu iliyobaki.
Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mzee huyo hajakosea kuona tofauti, kwa kuwa kila kioo hutoa rangi kwa namna yake, na hakuna atakayeweza kuifananisha na wino wa pakiti kwenye simu zote. Nenda dukani kwake na simu tatu za aina tofauti, umfungulie ukurasa huohuo kwenye zote, tena nje juani, mahali ambapo wateja wake huusoma. Hapo utamwonyesha jambo jingine lenye uzito zaidi: ikiwa maandishi yenu ni ya kijani cha jani changa juu ya nyeupe, hayatasomeka. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kuzifanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijani hicho kwa kawaida hakifiki. Mwombe akuruhusu kukiacha kwenye nembo na kwenye mistari ya pambo, maandishi yawe ya kijani kizito cha jani lililokomaa. Kwa kazi zijazo, andika kwenye makubaliano, kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kwamba kazi itakaguliwa kwenye simu mtakazozitaja wala si kwa rula.